Kabla Hujaandika Dawa ya Sonona

Ndugu zangu waganga na wauguzi wa zahanati, asanteni kwa kuja. Leo nataka tukae na swali moja tu, kwa sababu likiachwa, matibabu yote yanaweza kwenda kombo.

Mnajua mgonjwa wa sonona anavyotufikia. Hasemi ana huzuni. Anasema kichwa kinawaka moto, kifua kinabana, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Ameshapimwa malaria, ameshatibiwa taifodi. Ukimkalisha na kumsikiliza ndipo anasema, "Nawaza sana," na kwamba hata kumpakata mwanawe hakumpi raha. Hali hiyo ikimkaa karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, na shughuli zake zikamshinda, fikiria sonona. Angalia upungufu wa damu, uliza dawa anazotumia, uliza pombe. Na muulize waziwazi kama amewaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye yupo aliyeuliza.

Hapo ndipo tunapoandika dawa ya sonona, amitriptilini au fluoksetini, na kumwita anayefuata. Nawaomba, msubiri kidogo. Wenye baipola, ugonjwa wa hisia kushuka kwenye huzuni na kupanda kupita kiasi kwa vipindi, mara nyingi huanza kuugua kwa upande wa huzuni, na wengi hukaa chini muda mrefu kuliko wanavyokaa juu. Ukimpa mtu wa namna hiyo dawa ya sonona peke yake, unaweza kumrusha kwenye mania, yaani kile kipindi cha kupanda kupita kiasi.

Basi muulize: "Kuna kipindi ulikuwa unalala kwa muda wa saa mbili tatu tu, na asubuhi una nguvu kuliko watu wote?" Mwenye mawazo hukosa usingizi akachoka. Anayepanda hulala kidogo na wala hachoki. Akikubali, uliza kuhusu maneno ya kasi, hasira na pesa. Tuseme kijana ameuza bodaboda ambayo mkopo wake haujaisha ili afungue studio, nusu ya hela amewagawia watu stendi, na saa nane usiku anampigia simu kila mtu. Nyumbani watasema amerogwa, au ni bangi. Bangi iulizwe kweli, lakini isiwe mwisho wa maswali. Hali kama hiyo ikidumu wiki nzima, au ikawa kali hadi alazwe kabla ya hapo, hiyo ni mania. Iko pia nyepesi, ya siku 4 au zaidi, ambayo haivurugi maisha sana, na ndiyo hutuponyoka, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe huikumbuka kama wakati aliokuwa mzima kuliko wote. Ndiyo maana, kwa ridhaa yake, mwiteni mkewe au mama yake. Wao ndio waliokuwa macho usiku ule.

Tukishajua ni baipola, dawa zinabadilika. Mwaka 1949 John Cade, daktari wa Australia, aliandika jinsi lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa wake wa mania, na mpaka leo ni miongoni mwa dawa bora za kuzuia ugonjwa usirudi. Lakini mstari kati ya dozi na sumu ni mwembamba: kwa kawaida tunataka milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita ya damu, na figo na tezi ya shingo zipimwe kila baada ya muda. Pasipo na maabara ya kuipima, msiianze, mpeni rufaa. Valproeti, dawa nyingine ya baipola, inaharibu mtoto tumboni, kwa hiyo msimpe kirahisi mwanamke anayeweza kushika mimba.

Jambo linalonitia hofu zaidi liko duka la dawa. Mgonjwa wa lithiamu anaumwa mgongo, ananunua diklofenaki ya kutuliza maumivu, na lithiamu inapanda kwenye damu yake. Kuhara na kutapika hufanya hivyohivyo, kwa sababu maji yamepungua mwilini. Mkimwona anatetemeka mikono sana, anayumba, ulimi mzito, simamisheni dozi na mumpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kwa sababu hiyohiyo ya maji, anayetumia lithiamu na anataka kufunga Ramadhani aonane na daktari wake kabla mwezi haujaandama. Na mwenye baipola, wa dini yoyote, mikesha ya usiku kucha si ya kwake: kukosa usingizi peke yake kunaweza kuiamsha mania hata kama dawa anameza vizuri. Waambieni hilo na viongozi wao wa dini, ili asionekane amelegea katika imani.