Kumtunza Maltipoo kwenye baridi ya Mbeya

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Leo tunamzungumzia mbwa anayeitwa Maltipoo, mtoto wa Maltese na Poodle mdogo. Akikomaa, wengi huwa na kilo 3 hadi 6, na akitunzwa vizuri hufikisha miaka 12 na kuendelea.

Mkumbuke kwamba ni chotara. Watoto wa tumbo moja wanaweza kutofautiana: huyu nywele laini zilizonyooka za Maltese, yule za mawimbi, mwingine vipilipili vya Poodle. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba mbwa huyu hatazidi kilo 3, mwombe umwone mama, na baba kama yupo. Akikwambia hasababishi mzio, usikubali. Kinachowasumbua watu kimo kwenye mate na magamba ya ngozi, na hakuna mbwa asiye navyo. Mtoto naye asitoke kwa mama kabla ya wiki 8.

Sasa nywele, maana hapa ndipo mbwa hawa wanapoteseka. Hazipukutiki sana, unywele uliokufa hunaswa kwenye ulio hai, likawa fundo. Mafundo huanzia nyuma ya masikio, kwapani na chini ya kola. Chana kila siku. Gawa nywele mstari kwa mstari mpaka uone ngozi, bana shina kwa vidole ili asiumie, anza nchani ukirudi shinani. Ukimaliza brashi, pitisha kitana cha chuma. Kikikwama, kazi haijaisha. Anayepiga brashi juu juu humwona mbwa amependeza, kumbe chini nywele zimeshikana kama zulia.

Kosa baya kuliko yote ni kumwogesha kabla ya kumchana. Maji hukaza fundo, ngozi iliyo chini yake haikauki, vidonda vinaanza. Fundo likishagandamana, weka mkasi pembeni, kwa sababu ngozi hunyanyuka ndani yake na utaikata. Mtu mwenye mashine na mkono mtulivu alinyoe. Kupunguza nywele kwa kawaida ni kila baada ya wiki 6 hadi 8, ila Juni na Julai tusimnyoe mpaka ngozi ionekane. Miezi hiyo mwogeshe mchana kukiwa na jua, kwa maji ya uvuguvugu, umkaushe mpaka kwenye ngozi, na ndani ya masikio pia.

Usiku alale ndani, juu ya kitu kilichoinuka kidogo kutoka kwenye sakafu ya saruji. Jiko la mkaa lisiachwe likiwaka kwenye chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua mbwa na watu vilevile. Mvua zikianza, kila akirudi na matope osha nyayo, pangusa katikati ya vidole, tafuta kupe na funza.

Mtoto mdogo sana ana hatari nyingine: sukari ya mwili kushuka. Mwili wake hauna akiba, na baridi huimaliza haraka. Utamwona amelegea, anayumba, pengine anatetemeka. Mpake asali kidogo kwenye fizi, mfunike apate joto, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akiwa hana fahamu usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Kinga ni kumlisha mara 4 kwa siku mpaka miezi mitatu, kisha mara 3 mpaka miezi sita. Ugali mtupu haumjengi, na unga wa mahindi yaliyoota ukungu una sumukuvu, inayoharibu ini. Vitunguu, zabibu na chokoleti asiguse. Kokwa la parachichi, ambalo huku kwetu halikosekani uani, humkaba au kuziba utumbo.

Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa hutolewa kwenye miezi mitatu. Kabla hazijakamilika asitembezwe wanapopita mbwa wa mtaani. Virusi vya parvo, vinavyowaharisha na kuwatapisha watoto wa mbwa, hukaa udongoni miezi mingi.

Mwisho, magoti. Ukimwona anakunja mguu wa nyuma, anarukaruka hatua mbili tatu kisha anakimbia kama kawaida, hachezi huyo. Pia ya goti imetoka kwenye mfereji wake na kurudi. Mzuie kuruka kutoka kwenye makochi, asinenepe, na daktari alishike hilo goti mapema.