Wiki Tatu Zihesabiwe Kuanzia Wapi? Vigezo vya Rufaa kwa Dalili za Saratani ya Kichwa na Shingo

Ndugu waganga wafawidhi, matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya Dar es Salaam,

Mgonjwa aliyekauka sauti huanzia duka la dawa, kisha huenda zahanati ya mtaani akapewa amoksisilini, na dawa ikiisha bila nafuu huhamia zahanati nyingine, ambako huandikishwa upya kama mgeni. Kwenye daftari anaonekana ana siku 3 za kuugua, ilhali mkewe ukimuuliza atakwambia mzee yuko hivyo tangu kabla ya Ramadhani. Hapo ndipo vigezo vyetu vinapovuja.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 unataka kidonda cha mdomoni kisicho na sababu inayojulikana, kikizidi wiki 3, kipelekwe kwa mtaalamu, na vilevile mtu wa miaka 45 na zaidi ambaye sauti yake imekauka bila sababu na hairudi. Wenzetu hao waliona kwamba uwezekano wa saratani wa asilimia 3 tu unatosha kumpa mtu rufaa ya haraka, kwa hiyo tusiogope kwamba tutawasumbua mabingwa. Wiki 3 tuzichukue, ila zihesabiwe tangu dalili ilipoanza, popote mgonjwa alipotibiwa, na kozi ya pili ya antibiotiki isiandikwe badala ya rufaa.

Kigezo cha umri nakitilia shaka. Saratani ya nyuma ya pua, inayohusishwa na kirusi cha Epstein-Barr, huwapata hata vijana, na mara nyingi huanza kuonekana kwa tezi shingoni, pengine pamoja na sikio moja kuziba au damu puani. Kijana wa namna hiyo ni rahisi kuanzishiwa dawa za kifua kikuu cha tezi. Simlaumu anayekifikiria kifua kikuu, kwa kuwa kipo. Ninacholaumu ni kuanza dawa kabla tezi haijachomwa sindano na chembe zake kupimwa, au, vibaya zaidi, kuipasua kama jipu.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine. Mgonjwa avue meno ya bandia, tochi imulike, ulimi ushikwe kwa gozi na kuvutwa huku na huku ili kingo zake na sakafu ya mdomo zionekane, na kwa mtumiaji wa ugoro tuangalie pale hasa anapouweka. Kisha shingo ipapaswe pande zote mbili. Anayesema kimeo kilishakatwa na koo bado linamuuma naye achunguzwe vivyo hivyo. Anayepumua kwa mkoromo akiwa macho hasubiri wiki yoyote. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Fomu iliyoandikwa «uvimbe shingoni, kwa uchunguzi zaidi» haimwambii daktari wa masikio, pua na koo wa Amana au Muhimbili amwone nani kwanza. Iandikwe tarehe dalili ilipoanza, upande, ukubwa kwa sentimita, dawa alizokwisha kutumia, tumbaku na pombe, na namba ya simu ya ndugu anayemleta. Namba hiyo ipigwe na kituo kilichotoa rufaa, kabla wiki haijaisha, kuuliza kama mgonjwa amefika.