Anayeacha Dawa Ana Hesabu Yake

Hamjambo akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliosimama mlangoni. Ingieni, viti vipo.

Wagonjwa wanaoacha dawa mnawajua kuliko mimi, maana ninyi wahudumu wa afya ya jamii ndio mnaowafuata hadi nyumbani hapa Kisumu: Nyalenda, Manyatta, Obunga. Kliniki huwaita wakaidi. Mimi nasema wana hesabu yao, na tusipoijua tutawakaripia hadi tuchoke.

Chukua presha. Mwanasaikolojia wa Marekani, Howard Leventhal, na wenzake walionyesha kwamba kila mgonjwa hujijengea maelezo ya ugonjwa wake: ni ugonjwa gani, umetoka wapi, utakaa muda gani, utamfanya nini, na unatibika au la. Wagonjwa wa presha waliowahoji walikubali kuwa mtu hawezi kuhisi presha ikipanda. Kisha wengi wao wakasema, mimi lakini yangu naihisi! Si mmeyasikia hayo hapa? "Leo kichwa hakigongi, imeshuka." Basi kidonge kinangoja siku ya kichwa, na presha inaendelea kuharibu figo na mishipa bila kumpigia mtu hodi.

Nadhani sisi watu wa ziwa tumefundishwa hivyo na malaria. Mtoto anachemka, anapimwa, anapewa dawa ya siku 3, anarudi kucheza. Ndivyo tunavyojua kuugua: unaumwa, unameza, unapona, unaacha. Ukimpa mtu aliyekulia katika hali hiyo dawa ya maisha, atauliza moyoni, kwani hii dawa haifanyi kazi? Na wa TB, kikohozi kikipungua wiki za mwanzo, anaona amemaliza, kumbe matibabu ni miezi 6 na vijidudu vilivyobaki bado viko hai. Kwa hesabu ya malaria, huyu hajakosea popote.

Wengine hesabu yao haihusu ugonjwa kabisa. Kichupa cha ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, hulia kikitikiswa, na nyumba zetu ni chumba kimoja, ukuta wa mabati. Kuna wanaotia pamba ndani, wengine wanahamishia vidonge kwenye karatasi ya nailoni. Mgeni akilala wiki nzima, dozi zinarukwa wiki nzima. Ukimwambia mtu huyo faida za dawa utakuwa unamfundisha anachokijua.

Hapo jirani Chulaimbo, watafiti waliwafuata watu 431 walioanza ARV karibuni, wakawapa simu, na baadhi yao wakatumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Waliokumbushwa mara moja kwa wiki, asilimia 53 walifikia kiwango cha kumeza angalau asilimia 90 ya dozi zao kwa wiki 48. Wasiotumiwa kitu, asilimia 40. Na waliokumbushwa kila siku? Hawakuwapita wasiotumiwa kitu. Kurefusha ujumbe nako hakukusaidia. Utafiti mwingine wa hapa Kenya, wa 2010, ulituma kila wiki neno moja tu, "Mambo?", na mgonjwa akajibu "Sawa" au "Shida". Nao ulifaulu: virusi vilidhibitiwa kwa watu wengi zaidi. Mimi naupenda huu wa pili, kwa sababu aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na muuguzi. Kengele ya kila siku haipigii mtu simu.

Niguse kidogo mawazo. Mama muuza omena wa soko la Kibuye anaambiwa kliniki, "Punguza mawazo." Ayapunguze ayapeleke wapi? Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walitenganisha njia mbili za kukabiliana na msongo: kushughulikia shida yenyewe, na kutuliza moyo. Karo ya shule ni shida yenyewe, hapo chama cha akiba kinasaidia kuliko nasaha. Ila mzazi wa mtoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, hawezi kuziondoa seli, na hapo kwaya, maombi, au kukaa na wazazi wenzake si kukimbia shida. Kosa ni kumpa mmoja dawa ya mwenzake.

Basi ukienda nyumbani kwa mtu, usianze kuhesabu vidonge. Wengine humwaga vidonge vilivyobaki kabla ya kuhesabiwa, kwa hiyo hesabu hiyo itakudanganya. Muulize ni wakati gani dawa inakuwa ngumu. Utasikia mambo: ile ya presha inayoongeza mkojo, mtu wa kupanda matatu alfajiri kwenda sokoni haimezi, maana choo atakipata wapi? Mwingine amepata kikohozi kikavu tangu aanze dawa ya presha iitwayo enalapril. Andika kwenye daftari, ufikishe kliniki kabla ya tarehe yake. Daktari anaweza kusogeza saa ya kumeza au kumbadilishia dawa. Haya, maswali.