Kidonge au Maongezi? Mhadhara wa Sonona, Ujiji

Shikamooni wazee, na nyie vijana mliosimama kule nyuma ingieni tu, viti vipo. Swali mlilonitumia ni moja, eti mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, apewe dawa au ushauri nasaha, kipi bora. Mi nauliza kwanza, sonona ya kiasi gani? Anayelia usiku lakini asubuhi bado anashuka ufukweni Kibirizi kuanika dagaa, huyo tunaanza na maongezi, hata Shirika la Afya Duniani linasema sonona nyepesi usiikimbilie na kidonge. Ila mama akifika mahali dagaa wako mchangani, mvua hiyo inakuja na anaiona, hanyanyuki, hali chakula, hapati usingizi, anasema bora nisingekuwepo, jamani huyo msimwambie piga moyo konde, mpelekeni hospitali leoleo, na mara nyingi atahitaji vyote viwili.

Sasa dawa, hapa ndo wengi wananikimbia. Ukianza amitriptilini, moja ya dawa za sonona, usiku huohuo unasinzia, mdomo unakauka kama umelamba jivu, choo kigumu, halafu moyo wenyewe kuchangamka usubiri wiki 2 mpaka 4, pengine zaidi. Yaani adha inatangulia, nafuu iko nyuma inakuja kwa miguu. Mtu wiki ya pili anatupa vidonge anasema wamenipa sumu, au anampa jirani asiyepata usingizi, na hiyo msifanye kabisa maana ikizidi inavuruga mapigo ya moyo, inaua. Hata ukipona huachi ghafla, unaendelea kama miezi 9 mpaka 12 ndo daktari anakupunguzia taratibu.

Ushauri nasaha nao tumeuharibu, tunadhani ni mawaidha. Mi mwenyewe nilivyoanza kazi nilikuwa nahubiri tu, mgonjwa ananiitikia ndio ndio, harudi tena! Kule Zimbabwe tangu 2006 Daktari Dixon Chibanda amefundisha mabibi wa mtaani, sio manesi, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki wanamuuliza shida zako zipi, tuchague moja, utafanya nini mpaka tukionana tena. Basi. Utafiti wao ukachapishwa 2016, baada ya miezi 6 waliokaa benchini dalili zilikuwa chini kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mabibi hapa Ujiji tunao, kivuli cha miembe kipo, benchi fundi atagonga kwa siku moja. Haya, mama wa kitenge cha njano umenyoosha mkono muda mrefu, uliza.