Kadi ya Mkopo Siyo Pointi Tu: Fungua Kile Kijitabu

Mwakeye ndugu zangu, karibuni. Leo duka nimelifunga mapema ili tuongee vizuri. Kelele mnazosikia nyuma ni bodaboda za hapa Mwanga, mtanisamehe, Kigoma jioni haina kitufe cha kupunguza sauti.

Wengi mnajua nauza vipuri vya injini za mitumbwi na pikipiki. Mzigo naagiza Dar, mwingine nje ya nchi, na kwa sehemu kubwa nalipia kwa kadi ya mkopo, ile wengine tunaiita krediti kadi. Kila nikiitoa mtu ananiuliza, "Hiyo si ndiyo ya pointi?" Pointi zipo, ndiyo, zile za zawadi benki inazokuhesabia kila ukinunua kwa kadi. Lakini pointi ni dagaa. Migebuka, samaki wenyewe wa maana, imelala ndani ya kijitabu ambacho benki ilikupa siku ile, ukakiweka kwenye droo na vibiriti. Nenda kakilete, tuanze.

Hatua ya kwanza, itambue kadi yako. Nasogeza kamera, nimeziba namba kwa kidole, na wewe ukipiga picha kadi yako ziba vilevile. Angalia kama imeandikwa "debit" au "credit". Ya "debit" inakula hela yako iliyomo kwenye akaunti. Ya "credit" inakula hela ya benki, wewe unalipa baadaye. Halafu tazama nembo. Visa na Mastercard hazikupi kadi wala mkopo, anayekupa ni benki. Wao wana mtandao wa malipo, na kila ngazi ya kadi wameiwekea nafuu zake. Kwa Visa utakuta Classic, Gold, Platinum, Signature, Infinite. Kwa Mastercard utakuta Gold, Titanium, Platinum, World. Kwa hiyo una vyanzo viwili: kuna nafuu za benki na kuna nafuu za mtandao. Aliyeko kaunta mara nyingi anazijua za benki tu.

Hatua ya pili ni fupi. Geuza kadi, nyuma kuna namba ya simu. Piga, useme: "Naomba mwongozo wa nafuu za kadi yangu, wa sasa hivi, nitumieni kwa barua pepe." Hilo neno "wa sasa hivi" usiliache. Mwaka 2019 benki ya Citi kule Marekani iliondoa bima kadhaa kwenye kadi zake, na waliokuwa wakitegemea karatasi za zamani wakajikuta mikono mitupu. Na hizi video za Wamarekani na Waingereza tunazozitazama usiku, zitazame, lakini usidhani haki zao ni zako. Uingereza wana sheria ya mwaka 1974: ukinunua kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000 kwa kadi ya mkopo, benki iliyokupa kadi inawajibika pamoja na muuzaji. Wewe wa Kibirizi hapa Kigoma unashika mkataba wako na benki yako na kanuni za mtandao wa kadi yako.

Sasa hatua ya tatu, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niipende hii kadi. Ni siku zisizo na riba.

Kwenye taarifa yako ya mwezi kuna tarehe mbili. Moja ni ya kufunga hesabu, ya pili ni mwisho wa kulipa. Tuseme hesabu inafungwa tarehe 20, na mwisho wa kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Nikinunua mzigo tarehe 19 Machi, siku ya pili hesabu inafungwa, natakiwa nilipe tarehe 15 Aprili. Nimepata siku 27. Lakini nikivumilia nikanunua tarehe 21 Machi, mzigo huo unaingia kwenye hesabu inayofungwa tarehe 20 Aprili, nalipa tarehe 15 Mei. Hesabu na vidole: siku 55. Mzigo umepanda treni Dar, umefika, nimeuza, nimekusanya, na hela ya benki bado inanisubiri bila shilingi moja ya riba. Kwa kuchelewesha manunuzi siku mbili tu!

Kwa hiyo chukua simu yako sasa hivi, fungua kalenda, weka alama tatu: siku hesabu inafungwa, siku moja baada ya hapo uandike "nunua", na siku tano kabla ya mwisho wa kulipa uandike "lipa yote". Nimesema siku tano kwa sababu mtandao wa benki nao una siku zake za kununa.

Na "yote" maana yake yote. Kwenye taarifa wataandika kiasi kidogo unachoweza kulipa, kinavutia kama kivuli cha mwembe saa saba mchana. Usikae hapo. Ukibakiza deni, kwa kawaida zile siku za bure zinafutika, hata manunuzi mapya yanaanza kuhesabiwa riba tangu siku ulipoyafanya. Nikupe mfano wa namba za kubuni. Umenunua vitu vya 1,200,000. Tuseme unapata pointi moja kwa kila shilingi 1,000, na pointi moja ina thamani ya shilingi 5. Hizo ni pointi 1,200, sawa na shilingi 6,000. Sasa tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi na umeshindwa kulipa kwa mwezi mmoja. Riba ni 36,000. Umefurahia elfu sita, umetoa thelathini na sita.

Kutoa fedha taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo ni mbaya zaidi. Kuna ada, riba huanza siku hiyohiyo, na pointi mara nyingi hupati. Mimi ATM nimeikataza kabisa kadi hii.

Twende hatua ya nne: kupinga malipo. Hii nitaisimulia maana ilinikuta.

Shemeji yangu anavua. Aliniomba propela ya injini yake, ya aina ambayo Dar niliikosa. Nikaipata kwa muuzaji mmoja mtandaoni, nje ya nchi, nikalipa kwa kadi. Akaahidi wiki tatu. Wiki tatu zikapita, zikapita sita, ujumbe hajibu. Shemeji akaniambia, "Dada, hela hiyo imeshaliwa, tumuachie Mungu." Nikamwambia Mungu tutamwachia, ila kwanza tujaze fomu.

Fanya hivi. Kwanza mwandikie muuzaji, kwa maandishi, umpe siku za kujibu. Usipige simu tu; simu haina ushahidi. Pili, kusanya karatasi: oda, risiti, tarehe aliyoahidi, na picha za mazungumzo yenu. Tatu, nenda benki uombe fomu ya kupinga muamala. Ukiambiwa "haiwezekani, umelipa mwenyewe", tabasamu, omba kuongea na kitengo cha kadi. Mimi niliambiwa hivyo na kijana wa kaunta, na simlaumu, hakufundishwa. Kitengo cha kadi walilijua mara moja. Nne, wahi. Kwa kanuni za Visa na Mastercard, muda kwa mambo mengi ya namna hii ni siku 120, lakini benki yako inaweza kukutaka uripoti mapema zaidi, kwa hiyo usisubiri mpaka siku ya 119.

Baada ya hapo benki yako inaidai benki ya muuzaji kupitia mtandao wa kadi. Muuzaji anaweza kubisha, akaleta ushahidi wake. Wangu hakuleta kitu. Ilichukua kama miezi miwili, hela ikarudi. Shemeji naye propela akaipata kwingine.

Unaweza kupinga pia kama umekatwa mara mbili, kama kiasi si kile ulichokubali, kama kitu kilichokuja siyo ulichoagiza, au kama umejitoa kwenye huduma ya kila mwezi na bado wanakukata. Mtu ataniambia, hata kadi ya kawaida ya benki, ile ya "debit", inaruhusu. Kweli, yenye nembo ya Visa au Mastercard inaruhusu. Tofauti ni kwamba kwenye ile ya kawaida, wakati unasubiri, hela iliyopotea ni ya ada ya mtoto. Kwenye ya mkopo, kinachosubiri ni hela ya benki. Ila usijiamulie kutolipa hicho kiasi wakati shauri linaendelea. Uliza benki, wakujibu kwa maandishi. Na kama benki yenyewe inakuzungusha, andika malalamiko rasmi kwao kwanza, halafu upeleke Benki Kuu.

Ukilipa kwa kumtumia mtu hela kwa simu au kwa kuhamisha akaunti kwenda akaunti, njia hii huna. Ndiyo maana muuzaji akikubembeleza uachane na kadi "ili ada ipungue", jiulize anakimbia nini. Wengine wanakimbia ada kweli, nakubali.

Hatua ya tano, linda unachonunua. Baadhi ya kadi za ngazi ya juu zina bima ya manunuzi: kitu kikiibiwa au kikivunjika ndani ya muda fulani, mara nyingi siku 90, unadai. Nyingine zinaongeza muda wa waranti ya mtengenezaji. Kwenye kijitabu tafuta maneno hayo, usome na yanayokataliwa, maana simu na vitu vilivyotumika mara nyingi havimo. Na jambo ambalo kijitabu hakitakuambia: risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inafutika! Iangalie hii ya mwaka jana, imekuwa karatasi nyeupe. Kwa hiyo ukishanunua, kabla hujatoka dukani, piga picha risiti ya EFD, karatasi ya mashine ya kadi na karatasi ya waranti. Weka folda moja kwenye simu.

Hatua ya sita ni ya wasafiri. Najua hapa kuna wanaokwenda Dubai na Guangzhou kufuata mzigo. Kadi nyingi zenye bima ya safari zinataka tiketi iwe imelipwa kwa kadi hiyohiyo, zikitaka hasa ilipwe yote. Ukilipa nusu taslimu kwa wakala wa tiketi, unaweza kukosa bima nzima. Kabla ya safari omba cheti cha bima. Baadhi ya benki hukitoa, na anayeomba viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, anatakiwa aonyeshe bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, kwa hiyo cheti kikifikia hapo umeokoa hela. Begi likichelewa, usitoke uwanjani bila karatasi ya taarifa ya mzigo kutoka shirika la ndege, na tunza risiti za nguo na mswaki utakaonunua. Bila karatasi hiyo hakuna dai.

Sebule za uwanja wa ndege, zile za viti laini na chai ya bure, unaingia kwa kadi au kwa programu ya simu unayojisajili mapema. Uliza unaruhusiwa mara ngapi kwa mwaka na mgeni wako analipiwa kiasi gani, maana kuna mtu alimkaribisha rafiki yake, chai ikaja kwenye taarifa ya mwezi kwa dola. Hapa kwetu Kigoma utakaa nasi kwenye viti vya kawaida, tupige stori.

Hoteli na magari ya kukodi hushikilia kiasi fulani kama dhamana. Kadi ya kawaida itakufungia hela yako halisi kwa siku kadhaa. Ya mkopo inafunga nafasi ya mkopo tu, na hela yako ya mzigo inabaki huru. Halafu ukiwa nje ya nchi, mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi ya Tanzania au kwa fedha ya pale, chagua ya pale. Ile shilingi inavutia kwa sababu unaielewa, lakini kiwango cha kubadilisha anakipanga mwenye mashine na watu wake, na huwa wamejiwekea chao.

Sasa nirudi kwa aliye hapahapa mjini, asiyepanda ndege. Tusidanganyane, sokoni Ujiji hakuna atakayekuswaipia kadi kwenye fungu la mawese. Ni taslimu au lipa namba. Na duka lingine likikuongezea asilimia kadhaa kwa sababu unalipa kwa kadi, toa taslimu, hakuna pointi itakayofidia hiyo. Kama matumizi yako yote ni ya namna hii, na kadi ina ada ya mwaka, ipigie hesabu kabla hujaomba. Kama huna mshahara benki inaweza kukutaka uweke amana kama dhamana, na hiyo nayo ni hela iliyolala.

Hatua ya mwisho, pointi zenyewe, maana mmezisubiri. Fungua programu ya benki, tafuta salio la pointi na tarehe ya kuisha. Pointi nyingi zina umri. Kisha linganisha: pointi zilezile zikibadilishwa kuwa vocha, tiketi, au kurudishwa kama hela kwenye deni lako, kila njia ina thamani yake. Gawanya thamani ya zawadi kwa idadi ya pointi, uone ipi inalipa zaidi. Mimi mara ya mwisho walinipa chaguo la birika la umeme. Nilipogawanya, nikakuta kupunguza deni kunanipa karibu mara mbili ya bei ya birika hilohilo dukani kwa jirani. Nikapunguza deni, kisha nikavuka barabara, nikanunua birika kwa jirani. Ndilo hili linalochemka hapa nyuma.