Ghorofa za Uhindini na Majina ya Juu

Ndugu zangu, mkipita Mtaa wa Indira Gandhi au wa Jamhuri hapa Dar es Salaam, inueni macho. Chini ni maduka na mabango ya simu. Juu kabisa, kwenye ukuta unaoficha paa, baadhi ya ghorofa bado zina jina la familia na mwaka, vimechongwa kwenye saruji.

Wengi wa wenye majina hayo walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi. Duka lilikuwa chini, familia juu yake, na fleti zilizobaki wakapewa wapangaji. Viyoyozi havikuwapo, hivyo fundi alitafuta upepo: roshani ndefu upande wa barabara, tofali za matundu kwenye ngazi. Zipandeni hizo ngazi za tarazo siku moja. Kidato cha chini kimelika katikati kama jiwe la kunolea visu.

Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikawa mali ya serikali, na zilizozidi umri wa miaka 10 hazikulipiwa fidia. Zikakabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Wazee mpaka leo husema “nyumba ya msajili”, ingawa tangu 1990 zimo mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Wenyewe wengi waliondoka nchini. Majina hakuna aliyejisumbua kupanda kuyafuta.

Sasa nitasema jambo ambalo wenzangu wahifadhi hawalipendi. Kilichozitunza ghorofa hizi ni kodi ndogo ya pango. Haikutosha hata kununua rangi, lakini pia haikumpa mtu sababu ya kubomoa. Soko huria lilipofunguliwa, kiwanja kikawa ghali kuliko jengo lililosimama juu yake. Nyundo zikaanza.

Na sheria je? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Boma la Kale pale bandarini, kongwe letu, ni la 1866! Yaliyobaki yanasubiri tangazo la waziri, na ghorofa ya duka chini ni nadra kufikiriwa.

Maswali nitayajibu njiani. Tunaanzia kona ya Mtaa wa Jamhuri. Tukifika ngazini, tupande wawili wawili, kuna watu wanaishi mle.