Kabla ya Kufungua Kopo, Ujue Maji Yametoka Wapi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie rangi maalumu zinazouzwa kwa ajili ya nyumba zenye unyevunyevu, na najua wengi wenu mna swali moja tu: je, zinafanya kazi? Nyingi zinafanya kazi ile zilizotengenezewa. Tatizo ni kwamba mara nyingi hiyo siyo kazi aliyoitaka mnunuzi.

Tuanze na hewa yenyewe. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za maji yakiwa mvuke. Ipoze hadi nyuzi 10, itabeba gramu 9 na kidogo. Kinachozidi hutua palipo na baridi kuliko pote: kioo cha dirisha, pembe ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati, upande wa chini wa bati. Chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 (yaani asilimia 60 ya mvuke wote ambao hewa hiyo ingeweza kubeba), hali ambayo hata hutaihisi ukiingia, kitaweka maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 12 kushuka chini. Hapo ndipo tunaposema ukuta unatoka jasho.

Kuvu, hata hivyo, haingoji jasho. Hewa iliyogusana na ukuta ikikaa na unyevu wa asilimia 80 hivi kwa siku kadhaa, kuvu huota, hata kama ukipitisha kiganja ukutani kinarudi kikavu. Katika chumba chetu cha mfano, hali hiyo inatimia ukuta ukiwa na nyuzi 15. Naomba mzishike namba hizo mbili, 12 na 15, tutazirudia.

Na mvuke unatoka kwetu sisi wenyewe. Tunapumua, tunapika, tunaoga, tunaanika nguo chumbani mvua ikinyesha. Mzigo mmoja wa nguo mbichi unaweza kuachia lita mbili za maji hewani. Na kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: gesi ya kupikia ikiungua huzaa maji. Kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, na kama jiko halina njia ya kutolea hewa, mvuke huo wote unabaki ndani.

Sasa rangi. Ile inayosifiwa sana ni rangi yenye vipovu vidogo vya kioo, vitupu ndani, ambayo muuzaji anasema inaupa ukuta joto. Tufanye hesabu. Chukua ukuta wa matofali wa sentimita 22, ndani nyuzi 20, nje nyuzi 5. Uso wa ndani utakuwa na nyuzi 16 hivi katikati ya ukuta, na chini ya hapo kwenye pembe na nyuma ya makabati. Sasa paka rangi hiyo kwa ukarimu, unene wa nusu milimita, na tuikubalie kwamba inazuia joto karibu sawa na gome la mti wa vizibo vya chupa. Uso wa ukuta utapanda kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Basi. Ukibandika ubao wa povu gumu wa sentimita 5, uso unafika karibu nyuzi 19. Kuzuia joto kunataka unene, na rangi haina unene. (Ubao nao una masharti yake: mvuke ukipenya nyuma yake unakutana na ukuta uliozidi kuwa baridi, na kuvu inaota mahali usipoiona. Kazi hiyo mpe anayeijua.)

Naona dada pale mbele anatikisa kichwa. Pengine alishapaka akaona nafuu. Hujadanganyika, dada. Kwenye bafu, mvuke unakuja kwa dakika chache kisha unaondoka. Ngozi nyepesi isiyopitisha joto haraka inapata moto upesi kuliko lipu tupu, kwa hiyo matone yanachelewa. Kwa dakika kumi za kuoga, kuchelewa huko kunasaidia. Kwenye chumba ambacho watu wanne wanalala madirisha yakiwa yamefungwa hadi asubuhi, hakusaidii.

Linganisheni na hili. Turudi kwenye chumba cha nyuzi 20, lakini tupunguze unyevu kutoka asilimia 60 hadi 50: mfuniko juu ya sufuria, feni ya kutoa hewa iendelee kuzunguka hata baada ya kuoga, nguo zianikwe nje. Mpaka wa jasho unashuka kutoka nyuzi 12 hadi 9. Mpaka wa kuvu unashuka kutoka 15 hadi 12 na nusu. Umejipatia karibu nyuzi tatu, wakati rangi ilikupa sehemu moja ya kumi. Tahadhari moja tu: pale nje panapokuwa na joto na unyevu mwingi, nawe ndani umewasha kiyoyozi, kufungua dirisha ni kuukaribisha mvuke uje kutua kwenye kuta zilizopozwa. Hapo funga.

"Na mabati?" Naam, hilo swali nililingoja, maana kwenye chuma ndiko rangi hizi zilikojipatia sifa. Meli za chuma zilikuwa zikitona maji ndani ya vyumba vya mabaharia, na mabaharia walipakwa… samahani, vyumba vyao vilipakwa rangi iliyorushiwa chembe za gome lile lile la vizibo kabla haijakauka. Za kisasa zina madini yenye vinyweleo vinavyofyonza maji usiku na kuyaachia mchana hewa inapokauka. Chini ya paa la ghala, kwenye tangi, kwenye bomba la maji baridi, hiyo ni kazi nzuri na siwezi kuibeza. Sharti lake ni kwamba lazima uje wakati wa kukauka. Usiku ukifuatwa na mchana wenye unyevu ule ule, vinyweleo hujaa, na paa linatona kama zamani.

Rangi yenye sumu ya kuulia kuvu ni jambo jingine. Haikaushi chochote, inazuia mbegu za kuvu zisiote juu yake, na dawa hiyo hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita na vumbi linavyoifunika. Nasi tuna tabia mbaya ya kuipaka juu ya kuvu iliyo hai. Nchini Uingereza, mtoto wa miaka miwili alifariki Desemba 2020. Uchunguzi uliomalizika mwaka 2022 ulieleza kwamba alikuwa ameishi muda mrefu kwenye nyumba yenye kuvu. Baba yake alikuwa ameshalalamika miaka kadhaa kabla, akaambiwa apake rangi juu yake. Leo kuna sheria huko yenye jina la mtoto huyo, inayowabana wenye nyumba za kupanga za jamii kushughulikia unyevu kwa muda maalumu. Kwa hiyo: futa kuvu kwa kitambaa kilicholowa dawa, usiikwangue ikiwa kavu kwa brashi maana utairusha chumba kizima, vaa barakoa, na dawa ya klorini usiichanganye kamwe na kitu chenye amonia wala tindikali. Acha pakauke. Kisha ndipo upake.

Nimeiacha ya mwisho ile ninayoichukia, na nasema hivyo waziwazi: rangi ya kuziba, inayopakwa juu ya ukuta unaonyonya maji kutoka ardhini. Maji hayakomi kupanda kwa sababu yamezibiwa mlango. Yanapanda juu zaidi yatafute pa kutokea, na chumvi inayosafiri nayo inasukuma rangi hadi inatoa malengelenge na kubanduka pamoja na lipu. Ukuta wa namna hii unataka rangi inayopumua. Viwango vya Ulaya vina kipimo kiitwacho sd, yaani unene wa hewa tulivu ambao ungeuzuia mvuke sawa na rangi hiyo: chini ya mita 0.14 rangi inapitisha mvuke vizuri, zaidi ya mita 1.4 inaubana. Chokaa inapumua vizuri. Vivyo hivyo rangi ya silikati, ambayo Mjerumani Adolf Wilhelm Keim aliipatia hataza mwaka 1878 na ambayo bado inatengenezwa. Lakini hata hizo hazizuii maji ya ardhini. Zinayaruhusu tu yatoke bila kubomoa.

Utajuaje ni maji gani? Jasho hupendelea pembe za juu na nyuma ya makabati, tena huja na majira. Maji ya ardhini huanzia chini, mara chache hupita mita moja, na huacha mstari wa chumvi nyeupe. Maji ya mvua au bomba huacha doa linalokua kila mvua inyeshapo au bomba lifunguliwapo. Ukibaki na shaka, bandika kipande cha karatasi ya aluminiamu ukutani, uzibe kingo zote nne kwa gundi ya utepe, ukiache siku mbili. Maji yakionekana upande wa chumba, ni jasho. Yakionekana upande wa ukuta, yanatoka ndani ya ukuta wenyewe, na kopo la rangi lirudi dukani kwanza.

Kuna aliyeniandikia kwenye karatasi: ukishatengeneza bomba au lile tabaka la chini la kuzuia maji ya ardhini yasipande, ambalo mafundi huliita DPC, unangoja muda gani kabla ya kupaka? Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ukuta wetu wa sentimita 22 utachukua kama miezi tisa, na hapo hewa iwe inapita. Fundi akikuahidi wiki mbili, mwombe aweke kipimo chake cha unyevu ukutani mbele yako.